Kujifunza Lugha ya Mume Wangu

Mume wangu ni mtu wa kuchekesha. Jambo hilo nililigundua nikiwa na miaka hamsini na mbili, tukiwa tumekaa kwenye ndoa miaka ishirini na saba, na niligundua nikiwa nimeshika sahani ya wali uani kwa kaka yake, Kisesa.

Binti wa kaka yake alikuwa amechumbiwa. Wakwe walikwisha kuaga, tukabaki watu wa nyumbani, viti vya plastiki vimezungushwa, kila mtu amelegea kwa shibe. Ndipo mume wangu akasimama. Huyu ni mtu ambaye kwetu Butimba akiingia husema "hodi", akila husema "alhamdulillahi", na kati ya hayo mawili husema kidogo sana. Siku hiyo alisimama katikati ya ua akaanza kusimulia kwa Kisukuma. Aliukunja mgongo akawa kikongwe. Akabana pua akawa mtoto. Akapiga goti mbele ya kitu ambacho hakikuwepo, akakisalimia kwa heshima zote. Kaka yake, mzee mzima anayeogopwa mtaa mzima, alicheka hadi akavua miwani. Wifi yangu aliweka beseni la vyombo chini, akakaa palepale mchangani, akajishika mbavu.

Na mimi nilicheka, kwa kuwa wote walikuwa wanacheka. Kumbe kucheka usichokielewa kunachosha mashavu.

"Amesema nini?" nilimnong'oneza wifi.

"Aa, wifi, ni mambo yao ya utotoni hayo," akasema huku anafuta machozi kwa pindo la kitenge, kisha akageuka kusikiliza tena.

Tuliporudi nyumbani, wakati anavua viatu mlangoni, nikamwuliza, "Ile hadithi ilihusu nini?"

"Ipi?"

"Iliyomliza kaka yako."

Akafikiri kidogo, kiatu kimoja mkononi. "Kwa Kiswahili haichekeshi," akasema, akaenda kuoga.

Hakusema kwa ubaya. Lakini nilibaki pale sebuleni nikiwa na hisia ambayo sikuwahi kuwa nayo hata siku tulizogombana: kwamba kuna mtu mwingine anaishi ndani ya mume wangu, mtu mchangamfu, na mimi sijawahi kutambulishwa kwake.

Niseme sisi ni nani. Mimi nimezaliwa katikati ya mji wa Mwanza, nyumba ya mafundi cherehani. Babu yangu alitoka Tabora, bibi yangu mmoja alikuwa Mmanyema, mwingine alikuwa na damu ya Kiarabu kutoka kwa mtu ambaye hakuna aliyemkumbuka vizuri. Katika mchanganyiko huo lugha iliyobaki mezani ilikuwa Kiswahili peke yake, na tulikionea fahari. Mume wangu ni Msukuma wa Kisesa, fundi wa mashine za boti. Alikuja kwa baba yangu kushonesha ovaroli, akarudi kuipunguza, akarudi tena kuongeza mfuko ambao hakuuhitaji. Ili anioe alisilimu, akahamia mjini, akazoea chakula chetu na ndugu zetu na namna yetu ya kufanya mambo. Alivuka upande wangu wote. Mimi sikuvuka hata hatua moja. Kwa miaka yote hiyo, Kisukuma changu kilikuwa "mwangaluka" ya asubuhi na "wabeja" ya kushukuru, basi, na hata hayo niliyasema kama mtu anayelipa kiingilio mlangoni.

Tulilea watoto watatu. Nyumba ilikuwa na makelele, na makelele hayo tuliyachukua kuwa ndiyo mazungumzo. Mdogo wa mwisho alipoondoka kwenda kusoma Dodoma, tuligundua kwamba tuna mambo machache ya kuambiana. Maji yametoka. Umeme umekatika. Sato leo walikuwa wazuri. Kulikuwa na amani, sikatai. Alikuwa akipita kwenye cherehani yangu ananiwekea chai bila kuombwa. Nami nilimpasia shati la Ijumaa bila kuombwa. Lakini unaweza kuishi hivyo na mpangaji mwenye adabu.

Baada ya siku ile ya Kisesa, nikaamua kujifunza. Sikumwambia. Nilijidanganya kwamba nataka kumshtukiza, kumbe niliogopa nisije nikashindwa mbele yake.

Mimi hushonea barazani mwa duka moja karibu na soko la Butimba. Jirani yangu hapo ni mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, anauza michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga, ana watoto wawili na mdomo usiopumzika. Anatoka upande wa Magu. Nilimwomba anifundishe, naye nimshonee sare za watoto.

"Mama," akaniambia, "wewe na mumeo mmeoana juzi?"

"Miaka ishirini na saba."

"Na hujui lugha yake." Aliendelea kuzikung'uta karanga kwenye ungo, lakini yale maneno yalinichoma kama sindano.

Tulianza kesho yake. Nilikuwa na daftari la kuandikia vipimo vya wateja, nikaligeuza nyuma, nikaandika maneno kule. Maji ni minzi. Nyumba ni numba. Mama ni mayu. Hayo nilidhani mepesi, nikajiona hodari. Kisha tukafika kwenye salamu, na hapo ndipo nilipoaibika. Kuna neno "mhola", maana yake salama, hali ni shwari. Ile m yake ina pumzi, inatokea puani kama mtu anayekaribia kuguna. Mimi nikasema "mola".

"Unamwita Mungu, mama," mwalimu wangu akasema. "Mwache apumzike. Sema mhola."

"Mola."

"Mhola."

"Mmola."

Aliangua kicheko, akawaita wauza nyanya waje wasikie. Wakaja wanne. Wakaniambia niseme tena. Nikasema tena, wakacheka tena, wakipigana viganja. Hawakuwa na nia mbaya, na mimi nilicheka nao, lakini masikio yaliniwaka moto. Nilirudi kwenye cherehani yangu nikashona mkono wa gauni kinyumenyume. Siku nzima ile sikutaka tena kufungua mdomo kwa Kisukuma, hata lile "wabeja" ambalo nilikuwa nalijua tangu zamani.

Hata hivyo niliendelea. Ikapita Septemba, Oktoba, mvua za vuli zikaja. Tulijifunza wakati wateja hawapo. Mwalimu wangu alikuwa hana utaratibu wowote. Siku moja ananifundisha kuhesabu, siku ya pili ananifundisha namna ya kumsengenya wifi. Akipita mzee wa Kisukuma ananisukuma kwa kiwiko, "Haya, msalimie," nami namsalimia, na wazee wale walikuwa waungwana, waliitikia taratibu na kunisubiri nimalize. Kufikia masika nilikuwa naelewa zaidi ya ninavyoweza kusema. Nikaanza kuyashika maneno yakipita, kama mtu anayeona sura anazozifahamu kwenye umati.

Nyumbani nilinyamaza. Mume wangu akiongea na simu, nilitega sikio huku nimejiinamia. Mara nyingi ilikuwa ni habari za ng'ombe, au mvua, au mtu fulani anaumwa mguu. Nilifurahi kama mwizi aliyeingia nyumba akakuta chai tu, akainywa na kuondoka.

Kisha ikaja Jumapili moja asubuhi. Nilikuwa sebuleni napiga pasi. Yeye alikuwa amekaa barazani, mlango uko wazi, ametandika gazeti, anasafisha kabureta. Simu ameiweka chini, spika imewashwa, anaongea na dada yake wa Kisesa. Dada yake ndiye aliyeanza. Nilimsikia akiuliza habari zangu, kwamba kwa nini siku hizi siendi kuwaona. Mume wangu akajibu kwamba mimi ni mzima, ninashona.

"Na nyinyi?" dada akauliza.

Nilisikia brashi inavyosugua chuma. Halafu akasema maneno ambayo sikuyashika yote, lakini niliyoyashika yalinitosha. Kwamba nyumba imekuwa kimya. Kwamba watoto ndio waliokuwa wanaongea badala yetu. Kwamba mke wake ni mtu mwema, hana neno naye, lakini Kiswahili chake yeye kinaisha haraka, kinaishia kwenye chakula na maji. Dada yake akamwambia, mbona wewe ni msemaji, mbona tangu mtoto hukukaa kimya. Na mume wangu akacheka, kicheko kisichokuwa na furaha, akataja jambo ambalo hapo mwanzo sikulitambua, kisha likanijia lote, na pasi ikasimama juu ya nguo.

Alitaja ile Idi.

Ilikuwa Idi yetu ya kwanza baada ya kuoana, nyumbani kwa baba yangu, dada zangu wote wapo, pilau liko katikati. Mume wangu, bado bwana harusi, alikuwa anawasimulia habari ya mtu mmoja kijijini kwao aliyekwenda kupiga kura akiwa amevaa koti la mkewe. Naye, kama Wasukuma wengi, r kwake ni l. Akasema, "Basi, watu wamejipanga, wanapiga kula."

Dada yangu mkubwa akadakia, "Shemeji, kupiga kula? Kula gani hiyo, ya pilau?"

Ukumbi ukalipuka. Na mimi, mkewe wa miezi minne, badala ya kumlinda, niliona haya. Nikamgeukia mbele ya watu wote nikamwambia, "Sema kura. Ra. Ra." Kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Akasema, "Kura." Alilisema sawasawa, kwa shida, na hadithi akaimaliza kwa sentensi mbili. Habari ya koti la mkewe hakuna aliyeisikia. Tangu siku hiyo kwetu alijulikana kama shemeji mpole. Nami nilijivunia. Niliwaambia mashoga zangu kwamba nimepata mume asiyekuwa na maneno mengi.

Nilikuwa nimelisahau kabisa. Yeye alikuwa amelibeba miaka ishirini na saba, na hakulibeba kama kinyongo. Namna alivyomsimulia dada yake ilikuwa kama mtu anayeeleza kwa nini hatumii mkono wa kushoto.

Niliinua pasi. Ilikuwa imeunguza sketi ya mteja.

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Nilipika vizuri kupita kawaida, akaniuliza kama kuna mgeni. Siku ya tano, alasiri, alirudi mapema, nikaweka ugali na samaki na mlenda mezani, nikakaa mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila," salamu ya alasiri, kisha nikaendelea, sentensi mbili nilizozikariri kwa mwalimu wangu asubuhi ile bila kumwambia ni za nini: kwamba nataka tuongee, kwamba Kiswahili kikiisha tutumie hiki.

Mkono wake ulisimama na tonge la ugali. Nilitegemea atatabasamu. Nilikuwa nimeuota ule uso kwa miezi.

"Tangu lini?" akauliza, kwa Kiswahili.

"Tangu mwaka jana. Tangu tuliporudi kutoka Kisesa."

Niliona anahesabu. Akafika mahali nilipojua atafika. "Kwa hiyo Jumapili ulisikia."

"Nilisikia."

"Na siku nyingine zote."

"Baba, mimi nilitaka tu..."

"Nilikuwa na sehemu moja," akasema. Sauti yake haikupanda. "Sehemu moja ya kukaa mwenyewe. Ungeniambia ningekufungulia mlango. Wewe umekaa dirishani."

Alinawa mikono akatoka. Hakula.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko ugomvi wowote tuliowahi kugombana. Hakuninunia, angeninunia ningejua la kufanya. Alikuwa na adabu. Alisema "asante" na "samahani". Chai aliendelea kuniwekea. Lakini dada yake alipopiga simu alichukua kiti akaenda kukaa chini kabisa, karibu na barabara, na mimi nilimwona kupitia dirisha, mdogo, amenipa mgongo, anaongea huku mkono mmoja unazunguka hewani. Nilitamani nisingejua hata neno moja.

Nilimweleza mwalimu wangu. Nilitegemea aniunge mkono. Akaniambia, "Mama, ana haki. Mimi mume wangu angekuwa anaelewa ninayoongea na mama yangu, ningehama." Kisha akanipimia michembe kwenye mfuko, akasema, "Nenda kwenye uwanja wake. Nyumbani ni kwako wewe."

Ni kweli. Nyumba yetu nilipanga mimi, mapazia nilishona mimi, hata redio nachagua mimi. Kazi yake anaifanyia mwaloni, boti za uvuvi zinapotia nanga, upande wa Luchelele, na nilikuwa sijatia mguu huko tangu mtoto wetu wa pili alipokuwa ananyonya. Alhamisi nilifunika cherehani nikapanda bodaboda.

Nilimkuta chini ya bati lake, mashine ya boti ameifunga kwenye gogo mbele ya kifua chake, kifuniko kimetolewa. Wanawake walikuwa wanaanika dagaa kwenye nyavu, na korongo wamejipanga pembeni kama wazee wanaosubiri kesi. Aliponiona alidhani kuna msiba.

"Nani?"

"Hakuna. Nimekuja kwako."

Akanitafutia ndoo, akaigeuza, akapangusa kwa kitambaa chenye oili, akanikaribisha. Nilikaa juu ya ile oili na gauni langu zuri.

"Nimekuja kukuomba msamaha kwa mambo mawili," nikasema. "La kwanza unalijua. Nilikusikiliza bila wewe kujua. Ilikuwa makosa, na nilijua ni makosa, ndiyo maana nilinyamaza."

Alikuwa anafungua plagi. "Na la pili?"

"Ile Idi. Kura."

Spana ilitulia. "Lile nilishasahau," akasema.

"Hukusahau."

"Nilishasahau," akarudia, akazungusha spana mara mbili tatu, kisha akaiweka chini. "Sikusahau. Lakini mama, mimi sikukasirika. Niliona tu kwamba pale hapanitoshi. Unajua unapovaa shati la mtu. Unaweza kulivaa siku nzima, hakuna atakayekwambia kitu, ila huwezi kuinua mikono."

Nilimwambia habari ya "mola". Nilimweleza namna walivyoitwa wauza nyanya, namna nilivyoshona mkono wa gauni kinyumenyume kwa aibu, na kwamba siku ile ndipo nilipokumbuka, au ningekumbuka kama ningekuwa na akili, jinsi alivyokaa kimya baada ya ile Idi. Alisikiliza mpaka mwisho huku ameinamisha kichwa.

"Ulisemaje?" akauliza.

"Mola."

Mdomo wake ukaanza kutetemeka upande mmoja. "Sema tena."

"Mola."

Akacheka. Alicheka hadi akashika ile mashine, na fundi mwenzake aliyekuwa kwenye boti ya pili akainua kichwa kutazama. Masikio yaliniwaka moto kama siku ile ya sokoni, lakini nilimwacha acheke. Nilimdai kicheko hicho muda mrefu, na yeye alinidai aibu ya ile Idi.

"Funga mdomo," akanielekeza. "Funga kabisa. Sasa pumua kwa pua, kama umesikia jambo usiloliamini. Hapohapo toa neno."

Nilijaribu mara nyingi. Mahali fulani kati ya kumi na ishirini, likatoka. "Mhola."

"Mhola," akaitikia, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwangu, ya chini, ya kwao.

Halafu akanipa spana nimshikie, na huku anaendelea na kazi, akanisimulia ile hadithi ya Kisesa. Aliisimulia polepole, Kisukuma kwa sehemu kubwa, akinitupia Kiswahili pale aliponiona nimepotea. Kwamba walipokuwa wadogo walikuja watu wa chanjo shuleni, na kaka yake, huyuhuyu anayeogopwa, akatoroka akajificha ndani ya kihenge cha nafaka cha bibi yao. Alikaa humo hadi jioni, akatoka amepakaa vumbi jeupe la mtama kichwa hadi miguu. Bibi yao, ambaye macho yalikwisha kuchoka, alimwona amesimama kwenye giza la nyumba, mweupe, akajua ni marehemu mumewe amekuja kumwangalia. Akapiga goti akamsalimia. Mtoto kwa woga akaitikia kizee. Bibi akaanza kutoa taarifa za ukoo mzima, nani ameoa, nani ameuza ng'ombe, mwishoni akalia akakiri kwamba ile tumbaku iliyokuwa inapotea enzi za uhai wa babu, iliyomfanya babu amfukuze shemeji yake nyumbani, aliivuta yeye bibi mwenyewe. Mtoto akajikaza, akakohoa kama mzee, akamwambia, "Nimekusamehe. Ila mjukuu wako mkubwa mpe maziwa kila siku, na asichomwe sindano."

"Akapewa?" nikauliza.

"Mpaka anamaliza shule! Sisi wengine tunakunywa uji, yeye maziwa. Bibi amekufa hajui."

Nilicheka juu ya ile ndoo hadi machozi yakanitoka, na mashavu hayakuchoka hata kidogo. Nilielewa pia kwa nini aliniambia kwa Kiswahili haichekeshi. Kuna namna bibi alivyomwamkia yule mzuka, heshima ndefu, neno juu ya neno, ambayo Kiswahili hakina mahali pa kuiweka.

Sitadanganya kwamba tangu siku hiyo tunaongea kutwa. Kuna siku nyingi ambazo bado ni maji na umeme na sato. Kisukuma changu bado kinachechemea, na nikichoka narudi kwenye lugha yangu bila kuomba ruhusa. Tuligundua pia kwamba lugha ya pili inafaa kugombana: juzi alinitukana kidogo kuhusu namna ninavyohifadhi mifuko ya plastiki, akasahau kwamba naelewa, nikamjibu hapohapo, tukabaki tunatazamana. Simu za dada yake anaziongelea barazani tena, na mimi wakati huo naenda kukaa uani. Hatukukubaliana hivyo kwa mdomo. Nilianza tu kuondoka, naye siku moja akaniita, "Njoo, anataka kukusalimia," nikaja.

Na nimegundua kwamba nilikuwa nimeacha kumwuliza maswali. Nilidhani majibu yote ninayo.

Mwezi uliopita tulikwenda Nansio, kisiwani Ukerewe. Binti yetu wa kwanza ameolewa huko, amejifungua, tukaenda kumwona mjukuu. Tulikaa sitaha ya juu ya kivuko, upepo unatupiga, Mwanza na majabali yake yanabaki nyuma. Nilimwona ameshika chuma cha pembeni kwa mikono yote miwili, vidole vimekaza.

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Baba watoto."

Akatazama maji, kisha akanitazama mimi. "Mimi sijui kuogelea," akasema.

Nilidhani ananitania. Mtu huyu ametengeneza mashine za boti miaka thelathini na zaidi. Amezijaribu majini, amekwenda hadi visiwani kufuata boti iliyokwama. "Hujui kabisa?"

"Kisesa kuna ziwa?" akajibu. "Nilijifunza wapi?"

"Na hizo siku unazokwenda kujaribu mashine?"

"Naogopa," akasema, kama mtu anayetaja saa. "Kila siku. Nikishafika nchi kavu nakaa kwanza kidogo, ndiyo naendelea na kazi."

Nilifikiria siku zote hizo ambazo alirudi nyumbani akasema "hodi" na "alhamdulillahi", nami nikadhani ni desturi tu. Nikasogea kwenye benchi hadi bega langu likagusa lake. Palikuwa na mwanamke anapita akiuza mahindi ya kuchoma, nikanunua mawili. Tulikuwa na zaidi ya saa mbili mbele yetu. Nikamwuliza mara ya kwanza aliyoogopa ilikuwa lini, boti ya nani, na nani alikuwepo, naye akaumega muhindi wake katikati, akaanza kunisimulia.